Sakafu ya bafu yenye joto: maswali ya wasomaji

Kipupwe kimeingia, na maswali ya mabafu ya baridi yameingia nacho. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu linabeba karibu yote. Yanayofuata ni mafupi kidogo.

Shemeji anataka kunitumia mkeka wa kupasha sakafu

*Habari za kazi. Nyumba yangu iko Capri Point, na bafu la chumba kikubwa lina urefu wa mita 2.2 na upana wa mita 1.8. Mama mkwe anakaa nasi, miguu inamsumbua, na asubuhi za Juni na Julai sakafu inamtesa. Shemeji yangu aliyeko Sweden anasema kule nyaya za umeme hulazwa chini ya marumaru na sakafu inakuwa ya uvuguvugu. Yuko tayari kunitumia mkeka mmoja. Je, huku kwetu inawezekana? Umeme utakwenda kiasi gani? Fundi wangu anasema nitaua watu.* – Baba J., Capri Point, Mwanza

Baba J., inawezekana, na fundi wako ana haki ya kuogopa. Ila kabla shemeji hajalipia usafiri, fanya jambo moja. Jioni mkishaoga, msikaushe sakafu. Rudi baada ya saa moja uangalie. Ukikuta maji yametuama nyuma ya choo au karibu na mlango, nusu ya ugonjwa umeshaijua. Maji yanapokauka juu ya marumaru huchukua joto la marumaru yenyewe, kwa hiyo sakafu yenye majimaji huwa baridi kuliko kavu hata kama hewa ni ile ile. Mabafu mengi ya huku yamesawazishwa kwa pima maji kama sebule, kisha mwenye nyumba ananunua mpira wa kusukumia maji na kuutumia maisha yake yote. Mteremko unaotakiwa ni sentimita 2 kwa kila mita kwenye eneo la shawa, na walau sentimita 1 kwa mita sehemu nyingine, kote ukielekea kwenye tundu la kutolea maji. Mkeka utakulazimu kubomoa sakafu hata hivyo, basi mteremko urekebishwe hapo hapo. Ukiuacha, utakuwa unalipia umeme wa kupasha dimbwi.

Sasa vipimo. Sakafu yako ni mita za mraba 3.96, lakini waya haupiti chini ya kitu kilichokaa moja kwa moja sakafuni. Toa shawa ya mita 0.9 kwa 0.9, yaani 0.81. Toa choo, kama 0.28, na mguu wa sinki, kama 0.2. Toa na pipa. Bafu gani la Mwanza halina pipa la akiba kwa siku bomba likikauka? Pipa la lita 100 likikaa juu ya mkeka, joto linanaswa chini yake, waya unaiva kuliko ulivyokusudiwa, na baada ya muda ganda lake linaharibika. Chora duara la pipa sakafuni kabla ya kazi na uliheshimu. Ukitoa hayo yote pamoja na sentimita 5 za kukaa mbali na kuta, unabaki na mita za mraba 2 na kidogo. Mwambie shemeji alete mkeka wa mita za mraba 2 kamili: upana sentimita 50, urefu mita 4, wati 150 kwa mita ya mraba. Jumla ni wati 300.

Asilete wa 2.5 kwa kudhani mtakata kipande. Kinachokatwa ni wavu wa plastiki tu, ili mkeka ugeuke kwenye kona. Waya wenyewe haukatwi hata sentimita moja. Ukifupishwa, ukinzani wake unapungua, mkondo unaongezeka, na kila mita iliyobaki inatoa joto zaidi ya ilivyotengenezwa kustahimili.

Mkeka wa Sweden ni wa volti 230 kama umeme wetu, kwa hiyo hapo hamna shida. Anayeletewa kutoka Marekani asome kibandiko kwanza: mkeka wa volti 120 ukiunganishwa kwenye 230 utatoa zaidi ya mara tatu na nusu ya wati zake, na hautafika jioni. Jambo dogo linalosahaulika: thamostati (kidhibiti joto) za Ulaya hufungwa kwenye boksi la mviringo, na boksi la ukutani la madukani hapa ni la mraba. Aitume na boksi lake.

Tuje kwenye hofu ya fundi. Wati 300 ni kama ampia 1.3, chini kabisa ya pasi. Hatari iko kwenye kuvuja, wala si kwenye wingi wa umeme. Vuta laini ya peke yake kutoka meinswichi kwa waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampia 10, na kifaa kilichoandikwa RCCB cha miliampia 30, kile chenye kitufe cha majaribio, kinachokata umeme unapovuja. Thamostati na swichi inayokata waya zote mbili, wa moto na wa nyutro, vikae nje ya bafu, kwenye ukuta wa chumba. Ala ya chuma iliyozunguka waya wa kupasha iungwe kwenye erthi. Isikunjwe tu na kufichwa ndani ya boksi.

Na erthi yenyewe, Mwanza, ina habari yake. Mawe yale yale yanayopigwa picha na wageni ndiyo yaliyoko chini ya plot yako. Fundi anagonga nondo ya shaba, inafika nusu mita inagota mwamba, anaikata kwa msumeno na kufunika kichwa kwa sementi. Nje inaonekana safi. Udongo mkavu na mwembamba juu ya mwamba hauchukui umeme vizuri, na hitilafu ikitokea mkondo unaopita ni mdogo mno kuiangusha breka ya kawaida. RCCB ndiyo itakayokata, kwa sababu yenyewe inahisi miliampia, haisubiri ampia. Mtake fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aje na kipimo cha erthi, asipime kwa macho. Mwamba ukigoma, chimba mfereji kwenye upande wa chini wa kiwanja ambako udongo ni mzito na una unyevu, ulaze waya mtupu wa shaba kwa urefu, au ufunge nondo kadhaa fupi zilizoachana na kuunganishwa pamoja. Kazi hii ya erthi ifanye hata kama utaachana na mkeka, maana shawa ya umeme inaitegemea vilevile.

Tabaka za sakafu, kutoka chini kwenda juu, ni hizi. Zege la zamani lisafishwe, na mteremko utengenezwe kwa sementi na mchanga. Liache likauke; zege jipya linahitaji siku 28. Juu yake gundisha mbao za povu gumu zilizopakwa sementi, unene milimita 10. Wengi huziruka kwa kuona ni gharama ya bure, halafu joto linashuka kwenye jamvi na udongo, na sakafu inachukua saa mbili kupata uvuguvugu badala ya nusu saa hadi saa moja. Kisha mkeka, umebandikwa usipande popote. Waya mbili zikigusana au kupishana, hapo ndipo patakapoungua. Sensa ya joto ipitishwe ndani ya bomba dogo la plastiki, mdomo wa mbele umezibwa kwa tepu, katikati ya mikunjo miwili ya waya bila kuugusa wowote. Bomba lisiwe na kona kali. Sensa hufa kabla ya waya, na bila bomba hilo utabomoa marumaru kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Mkeka funika kwa gundi ya marumaru ya aina inayonyumbulika, milimita 6 hadi 8, ukifuata mteremko. Hapa mafundi wengi wazuri huteleza: wanamwaga sementi ile inayojisawazisha yenyewe. Inafanya kazi yake kama jina lake lilivyo, inasawazisha, na mteremko wote mliouhangaikia unapotea chini yake. Gundi ikikauka, paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na kitambaa cha kona kwenye maungio yote ya ukuta na sakafu. Ipande ukutani sentimita 15, na kwenye shawa ifike mita 2. Ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2 hivi, acha saa 24. Yakipungua kwa zaidi ya kukauka, tafuta panapovuja kabla marumaru hazijakanyaga hapo.

Ndani ya kazi hii kuna vipimo ambavyo fundi marumaru lazima akusubiri uvifanye. Mkeka wa wati 300 kwa volti 230 una ukinzani wa ohm 176 hivi. Namba halisi imeandikwa kwenye kibandiko. Pima kwa multimita ukiwa bado kwenye boksi la dukani, pima ukishalazwa, pima ukishafunikwa, na pima marumaru zikishakaa. Namba ikiruka ghafla au ikisoma mstari wazi, yaani waya umekatika, simamisha kazi hapo hapo. Waya uliokatwa na mwiko unatengenezwa kwa dakika chache ukiwa bado unaonekana. Piga picha ya mkeka wote ukiwa na futi kamba pembeni, uihifadhi, maana ipo siku fundi bomba atataka kutoboa sakafu ili akaze choo. Choo chenyewe kigandishwe kwa silikoni, bila skrubu.

Usiwashe siku ya kwanza kumwonyesha mama mkwe. Joto la mapema linakausha gundi kabla haijashika na marumaru zinaachia. Subiri siku ambazo mfuko wa gundi umeandika. Zikiwa hazikuandikwa, wiki mbili ni salama. Anza na nyuzijoto 20, panda 2 au 3 kila siku. Kwa hali ya hewa yetu, 27 au 28 sakafuni zinatosha, na usizidi 33.

Gharama: ukiwasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda kama huo usiku, bila kupumzika, ni uniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya shilingi 356 kwa uniti, ni kama shilingi 12,800 kwa mwezi, na itashuka chini ya hapo kwa sababu thamostati hukata joto likifika. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ajihesabie vizuri, kwani uniti 36 za ziada zinaweza kumtoa kundini na bei ya uniti zake ikapanda. Chagua thamostati inayotunza saa umeme ukikatika. Isiyotunza itapasha bafu saa sita mchana.

Mkeka huu ni wa miezi mitatu ya mwaka. Kwa miguu ya mgonjwa tungeuweka. Kwa starehe tu, fedha hiyo tungeimalizia kwenye mteremko na shawa nzuri.

RCCB inaruka kila nikiwasha

*Niliwekewa mkeka mwaka jana na ulifanya kazi vizuri. Sasa nikiwasha thamostati, umeme wa nyumba nzima unakatika. Fundi ameshauri tubadilishe RCCB tuweke ya miliampia 300, "hii ni nyepesi sana." Tukubali?* – Msomaji, Nyegezi

Hapana, dada au kaka. Kifaa cha miliampia 300 huzuia moto. Mtu aliyelowa, amesimama peku kwenye maji, hakimlindi. RCCB yako inafanya kazi iliyonunuliwa kwayo: kuna umeme unaotoka nje ya njia yake.

Zima laini hiyo, fungua boksi la thamostati, tenga nyaya mbili za mkeka na ala yake. Washa thamostati bila mkeka. Ikiruka bado, kosa liko kwenye laini au boksi. Tafuta unyevu ndani ya boksi, hasa ukuta ukipakana na shawa. Isiporuka, kosa ni la mkeka. Pima ukinzani kati ya nyaya mbili ulinganishe na kibandiko, kisha fundi apime kati ya waya na ala kwa mega (kipimo cha uzima wa ganda la waya) ya volti 500. Multimita ya kawaida hapa hudanganya: betri yake ndogo haina nguvu ya kuonyesha mahali ganda lilipochubuka kidogo. Mkeka mzima husoma megaohm nyingi. Ukisoma chini ya moja, ganda limeingiliwa.

Kwa mkeka uliofanya kazi vizuri kwanza na kuharibika baadaye, tuhuma ya kwanza ni kiungo kinachounganisha waya wa joto na waya baridi unaopanda ukutani. Kiungo hicho ni kinene, na mafundi hukisukuma ndani ya ukuta ili kisiinue marumaru. Kinatakiwa kikae sakafuni, kimezikwa chote kwenye gundi. Kikibaki nusu hewani kinapata joto, ganda linalegea, unyevu unapita. Tuhuma ya pili ni tundu lililotobolewa baadaye: kizuizi cha mlango, mguu wa sinki, rafu ya sabuni. Anza kuangalia hapo kabla ya kung'oa lolote. Palipoharibika panaweza kubomolewa marumaru moja au mbili na kuungwa kwa kiungo maalumu cha mtengenezaji. Tepu nyeusi ya umeme chini ya sakafu ya bafu haikai.

Maji ya sola badala ya umeme

*Hapa Bukoba mvua ni nyingi na asubuhi kuna ubaridi. Nina tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa, lita 200. Naweza kuyapitisha maji yale chini ya sakafu ya bafu?* – Mwalimu mstaafu, Bukoba

Shikamoo mwalimu. Wazo lina akili, kwa sababu zege hutunza joto: ukilipasha jioni, alfajiri bado lina kitu. Kwa sakafu ya mita za mraba 3, bomba la plastiki la PEX la milimita 16 likilazwa kwa nafasi ya sentimita 10 ni mita 30 hivi. Kwa nafasi ya sentimita 15 ni mita 20. Liwe kipande kimoja, bila kiungo chini ya zege. Jaza maji kwa presha kabla ya kumwaga zege na uliache na presha hiyo wakati wa kumwaga, ili koleo likilitoboa ulione hapo hapo.

Vikwazo ni vitatu. Maji ya tangi la jua siku ya jua kali hufika nyuzijoto 70 na kupita, na sakafu haitaki maji ya zaidi ya 40. Bila vali ya kuyachanganya na maji baridi, zege litapasuka na marumaru zitaruka. Cha pili, maji hayashuki yenyewe kutoka paani, yakapita bomba jembamba na kurudi. Panahitajika pampu ndogo, ambayo nayo inataka umeme. Cha tatu ndicho kizito: maji ya kuogea yasizunguke chini ya sakafu. Yakikaa humo vuguvugu kwa siku kadhaa yanalea vijidudu, kisha yanarudi kwenye shawa na kuvutwa puani. Mzunguko wa sakafu uwe wa peke yake, ukipokea joto kupitia kibadilisha joto, kifaa kinachopitisha joto bila maji kuchanganyika. Ukijumlisha pampu, vali na kibadilisha joto kwa bafu moja, gharama inazidi mkeka wa umeme. Na siku zako za ubaridi ndizo hizo hizo za mawingu. Nyumba ikiwa bado haijamwagwa jamvi na unataka vyumba kadhaa, hapo tungekaa tuhesabu upya.

Mifuko mingapi?

*Mimi ni fundi marumaru, Buhongwa. Nimepata kazi ya kwanza yenye mkeka wa joto, bafu la mita za mraba 4. Nikadirie vifaa vipi, na nifanye nini tofauti na kawaida?* – Fundi

Mbao za povu za mita 1.2 kwa 0.6: sita. Gundi inayonyumbulika: kilo 40 hivi za kufunika mkeka, kilo 20 za kulazia marumaru, na kilo 15 za kugandishia mbao chini. Nunua mifuko minne ya kilo 20. Dawa ya kuzuia maji: sakafu, sentimita 15 za ukuta kuzunguka, na kuta mbili za shawa hadi mita 2 ni karibu mita za mraba 9, kwa kilo 1.5 kwa mita ya mraba, kilo 13 au 14.

Tofauti kubwa ni mkono wako. Tandaza gundi kwa mwiko wa plastiki, ule wa meno ya chuma uweke kando mpaka waya ufunikwe. Vaa viatu vya soli laini au tandika kadibodi. Ndoo ya gundi usiitue juu ya mkeka. Paka gundi sakafuni na mgongoni mwa marumaru pia, kwa sababu uwazi wa hewa chini ya marumaru unazuia joto kupanda, na ukigonga utasikia sauti ya mtungi mtupu. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 8 kuzunguka kuta zote, uijaze silikoni, usiijaze grauti. Sakafu hii inatanuka na kusinyaa kila siku, na ikibanwa na kuta itainuka katikati. Mwisho, pima kimo cha mlango kabla hujaanza: tabaka zote zinafika sentimita 3.5 hivi, na bafu linatakiwa libaki chini ya chumba kwa sentimita 1.5 au 2. Lisipobaki, maji yatalala kitandani na mwenye nyumba.

Bila umeme kabisa

*Bibi yangu yuko Musoma, umeme wa sakafu hatuuwezi. Hita ya feni ya kuchomeka ukutani tuiweke bafuni?* – Mjukuu

Hita ya kuchomeka isiingie bafuni hata kwa dakika tano. Mtafutie seremala atengeneze chaga za mbao ngumu za kukanyagia: vipande vya upana wa sentimita 7, unene wa sentimita 2, vimeachana sentimita 1 ili maji yapite, na vimepigiliwa juu ya vikalio viwili vyenye mpira chini ili visiteleze. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, zimekazwa kutokea chini. Mbao huvuta joto la mguu polepole kuliko marumaru, na bibi ataona tofauti siku hiyo hiyo. Ukubwa wa sentimita 60 kwa 60 unatosha kwenye shawa, na nyingine mbele ya choo. Pembe zisagwe mviringo, na chaga isiwe nyembamba kiasi cha kuyumba akiikanyaga ukingoni. Kila baada ya kuoga isimamishwe ukutani ikauke, la sivyo itaota utelezi upande wa chini.